Rehani Mbili kwa Jina Moja: Mafundisho kwa Wenye Mashamba na Wenye Mishahara

Wazee wetu walisema, mshika mbili moja humponyoka. Siku hizi imekuwa jambo la kawaida kwa mtu mwenye hati ya shamba kuweka rehani moja, kisha kuweka ya pili kabla ile ya kwanza haijesha. Mmoja ataka kujenga vyumba vya kupangisha, mwingine ataka kumpeleka mwanawe chuoni, na mwingine ataka kununua kiwanja karibu na mji. Mashauri hayo yote ni mema. Lakini wengi hutia sahihi pasipo kujua kwamba pamoja na hati zile mbili wameweka kitu cha tatu, nacho ni jina lao. Shamba laweza kukombolewa kwa siku moja, fedha zikipatikana. Jina likichafuka hukawia kutakata.

Katika somo hili twaeleza mambo kama yalivyo katika nchi ya Kenya, kwa sababu huko sheria za rehani na za kumbukumbu za mikopo zimeandikwa wazi. Msomaji wa nchi jirani na aulize sheria za kwao. Ila hesabu ataikuta ni ile ile. Twawaomba machifu na walimu wawasomee wale wasioweza kusoma, maana aghalabu hao ndio watiao kidole gumba pasipo kuelewa.

1. Maana ya rehani

Kuweka rehani ni kumpa mkopeshaji haki juu ya ardhi au nyumba yako mpaka umalize deni. Wewe huendelea kukaa na kulima. Lakini haki ile imeandikwa katika daftari la ardhi la serikali, na ukishindwa kulipa, mkopeshaji aweza kuiuza mali ile.

Jambo hili si geni katika pwani yetu. Wenye mashamba ya karafuu wa Unguja na Pemba walikopa kwa kuweka rehani mashamba yao, wakangoja mavuno ili walipe. Bei ya karafuu iliposhuka mwanzoni mwa miaka ya 1930, madeni yakawalemea wengi, hata mwaka 1934 serikali ya Unguja ikatoa amri za kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasipite ovyo mikononi mwa wadai. Huko bara, mpango wa Bwana Swynnerton wa mwaka 1954 ulikusudia, pamoja na mambo mengine, kuwapa wakulima Waafrika wa Kenya hati za mashamba ili wapate kukopa. Basi tangu mwanzo hati ilitazamwa kama ufunguo wa mlango wa mkopo. Somo letu ni juu ya mtu afunguaye milango miwili.

2. Namna mbili za rehani ya pili

Namna ya kwanza ni kuweka rehani mali mbili mbalimbali: shamba limewekwa benki, na kiwanja kimewekwa kwa mkopeshaji mwingine. Namna ya pili ni kuweka mali moja mara mbili.

Katika namna hii ya pili, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba rehani hufuatana kwa mpango wa kuandikishwa kwake. Aliyeandikishwa kwanza hulipwa kwanza. Tuseme shamba limeuzwa katika mnada kwa shilingi 1,500,000, na mdai wa kwanza adai 1,000,000. Atachukua zake zote. Mdai wa pili aliyedai 600,000 atapata 500,000 zilizobaki, na gharama za mnada zitazipunguza hizo pia. Je, deni lililosalia limekufa? La. Mwenye shamba hana shamba tena, naye bado adaiwa zaidi ya shilingi 100,000. Kwa sababu hiyo mkopeshaji wa pili aghalabu hutoa fedha kidogo na hutaka riba kubwa zaidi, naye wa kwanza huandika katika mapatano yake kwamba shamba lisiwekwe tena pasipo ruhusa yake.

3. Daftari la majina

Zamani mtu alikopa kwa uso wake. Mwenye duka alimjua baba yake, na jirani alijua kama alirudisha jembe aliloazima. Siku hizi mkopeshaji wa Nairobi hamjui baba yake mtu wa Kakamega wala wa Taita. Kwa hiyo yako makampuni ya kumbukumbu za mikopo, yaliyopewa ruhusa na Benki Kuu, ambayo watu huyaita kwa herufi zake, CRB. Mabenki hupeleka huko habari za kila mkopaji, na kabla ya kutoa mkopo huuliza huko.

Kanuni za kwanza zilipoanza kufanya kazi mwaka 2009, habari zilizopelekwa zilikuwa za madeni mabaya tu. Kwa kanuni za mwaka 2013 hata habari njema hupelekwa: nani alikopa, kiasi gani, na jinsi alivyolipa. Basi rehani zako mbili zimeandikwa pale, chini ya jina moja na namba moja ya kitambulisho. Mtu adhaniaye kwamba mkopeshaji wa pili hatajua habari za yule wa kwanza ajidanganya mwenyewe.

Hata kule kuuliza huandikwa. Mtu akibisha katika milango mitano kwa mwezi mmoja, wa sita ataona kwamba watano wamekwisha ulizwa, naye atajiuliza, mtu huyu ana shida gani?

4. Mkopeshaji hutazama nini

Mkopeshaji mwenye busara hutazama mambo matatu: mapato ya mtu, jumla ya madeni yake yote, na jinsi alivyolipa siku zilizopita. Rehani ya pili huyagusa yote matatu. Tutie hesabu, ili mwalimu apate kuiandika ubaoni.

Tuseme mtu apata mshahara wa shilingi 60,000 kwa mwezi, na kodi na makato mengine ya lazima ni 12,000. Ameweka shamba lake rehani akakopa 1,000,000 kwa riba ya 14 kwa mia kila mwaka, alipe kwa miaka 15. Kila mwezi atalipa shilingi 13,300 hivi. Makato yote ni 25,300, naye abaki na 34,700.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yakataza makato yote ya mshahara kupita theluthi mbili. Basi kwa mshahara huu hapana budi abaki na 20,000. Nafasi iliyobaki ya kukopa kwa mshahara wake ni 14,700 kwa mwezi.

Sasa aweka kiwanja chake rehani, akopa 600,000 kwa riba ile ile, alipe kwa miaka 10. Kila mwezi atalipa shilingi 9,300 hivi. Hata kama mkopo huo haukatwi katika mshahara, mkopeshaji yeyote atautia katika hesabu. Nafasi yake imeshuka kutoka 14,700 hadi 5,400.

Mtu huyu hajakosa lolote. Amelipa kila mwezi, na jina lake ni safi. Lakini mwanawe akiitwa chuoni, naye akaomba mkopo wa tatu wa kulipa 7,000 kwa mwezi, atakataliwa. Atasema amedhulumiwa, lakini hajadhulumiwa. Kibaba chake kimejaa. Hili ndilo jambo la kwanza la kujua: rehani ya pili hupunguza nafasi ya kukopa hata kwa mlipaji mwema.

5. Deni kubwa halipungui upesi

Wengi husema, "Nimekwisha kulipa mwaka mzima, sasa naweza kuchukua ya pili." Na watazame hesabu ya rehani ile ya kwanza. Katika mwezi wa kwanza, riba peke yake ni shilingi 11,667. Katika zile 13,300 alizolipa, 1,650 hivi tu ndizo zilizopunguza deni. Baada ya mwaka mzima atakuwa amelipa karibu shilingi 160,000, na deni limepungua kwa 21,000 hivi. Bado adaiwa karibu 979,000.

Kwa hiyo mtu achukuaye rehani ya pili katika miaka ya kwanza huiongeza juu ya deni ambalo ni zima bado. Ni kama mtu aliyepanda mlima hatua chache, kisha akaongeza gunia la pili kichwani akisema amekaribia kufika. Afadhali angoje, au atumie fedha za mavuno mazuri kupunguza deni la kwanza, baada ya kumwuliza mkopeshaji kama kuna adhabu ya kulipa kabla ya wakati.

6. Mifuko miwili, ufa mmoja

Sasa twafika penye hatari yenyewe. Mtu wetu alichukua rehani ya pili ili ajenge vyumba vitatu vya kupangisha, kila kimoja shilingi 3,000 kwa mwezi. Alihesabu hivi: kodi ya vyumba ni 9,000, malipo ni 9,300, basi nyumba itajilipa yenyewe, nami nitaongeza 300 tu. Hesabu hii ni nzuri karatasini.

Lakini wapangaji wawili wamehama, na vyumba vimekaa vitupu miezi mitatu. Zimepungua shilingi 18,000. Miezi hiyo hiyo ni ya karo za shule, na ng'ombe amekufa. Rehani ya shamba yaendelea kulipwa, maana hukatwa katika mshahara. Rehani ya kiwanja yachelewa mwezi mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu.

Deni likichelewa kupita siku 90, benki huliita deni baya. Kabla ya kulipeleka CRB kama deni baya, mkopeshaji apaswa kumwarifu mkopaji siku 30 mbele. Likiisha pelekwa, habari ile hukaa miaka 5 baada ya deni kulipwa. Huandikwa kwamba limelipwa, lakini haifutwi siku ile. Hata deni dogo la kukopa kwa simu huweza kupelekwa. Kanuni za mwaka 2020 ziliacha tu yale yasiyofika shilingi 1,000.

Tena mdai wa rehani ya shamba, ambaye hajakosa kulipwa hata mwezi mmoja, ataiona habari hiyo. Katika mapatano mengi kuna maneno madogo kwamba mkopaji akishindwa deni lake lolote kwa mtu yeyote, na deni hili pia litahesabiwa kuwa limeshindwa. Kwa maneno hayo vyumba viwili vitupu mjini huweza kulitia hatarini shamba lililo mbali, lenye nyumba ya mama na makaburi ya wazee. Hapo ndipo mtu huona kwamba alidhani ana mifuko miwili, kumbe ufa ni mmoja.

7. Je, rehani ya pili ni mbaya siku zote?

La, hatusemi hivyo. Mtu aliyelipa rehani mbili kwa wakati wake, mwaka baada ya mwaka, huonyesha kwamba aweza kuaminiwa na mambo makubwa, na kumbukumbu zake humshuhudia. Atakapotaka fedha za biashara baadaye, huenda akasikilizwa upesi kuliko mtu ambaye hajakopa kamwe, maana huyo hana habari zozote. Rehani ya pili iliyonunua kitu chenye kuleta mapato ya kweli, kama nyumba iliyo mahali penye wapangaji au shamba lenye maji, si sawa na rehani ya pili iliyofanya arusi. Kukopa arusi, kulipa matanga. Na matanga ya miaka 10 ni marefu.

Kipimo chetu ni kimoja: usipime deni kwa mwezi mzuri. Lipime kwa mwezi mbaya. Chukua mapato ya mwezi ule ambao vyumba ni vitupu, mvua imekataa, na karo imefika. Kama rehani zote mbili zaweza kulipwa katika mwezi huo, au una akiba ya kuzilipa miezi mitatu, waweza kuendelea. Kama sivyo, ngoja.

8. Haki za watu wa nyumbani

Nyumba wanayokaa mume na mke haiwezi kuwekwa rehani na mmoja wao peke yake. Sheria ya Ardhi yataka kibali cha mwenzi wake. Hii ni kwa rehani ya kwanza na kwa ya pili vilevile. Tunawaambia akina mama, msitie sahihi karatasi mliyoambiwa kuwa ni ya kuongeza mkopo wa zamani tu, mpaka imesomwa yote mbele yenu.

Tena, shamba la kilimo lililo katika eneo lenye kusimamiwa haliwekwi rehani pasipo kibali cha bodi ya ardhi, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1967. Maombi hupelekwa katika miezi sita tangu mapatano kufanywa. Pasipo kibali mapatano hayana nguvu. Machifu na wazee wanaokaa katika bodi hizo wana nafasi ya kuuliza maswali mawili yenye faida kubwa: "Je, iko rehani nyingine?" na "Mwenzako wa nyumbani ajua?" Maswali hayo yaweza kuokoa boma zima.

9. Mambo yakiharibika

Mkopaji aliyekosa kulipa kwa mwezi mmoja aweza kupelekewa ilani ya maandishi, nayo humpa muda usiopungua miezi mitatu wa kulipa alichokosa. Muda huo ukipita, mdai akitaka kuuza, hana budi kutoa ilani nyingine isiyopungua siku 40. Mali hupimwa thamani yake kabla ya kuuzwa, na mdai apaswa kutafuta bei iliyo bora kwa kadiri iwezekanavyo. Mtu akipata barua hizi asizifiche chini ya godoro. Kila siku iliyo ndani ya ilani ni siku ya kufanya shauri.

Mwenye rehani mbili akiona moja yayumba, aende kwa mkopeshaji kabla siku 90 hazijatimia. Aombe muda wa malipo urefushwe, au madeni mawili yaunganishwe kuwa moja lenye malipo madogo ya mwezi, akijua kwamba muda ukizidi, jumla ya riba nayo itazidi. Au auze mwenyewe mali moja, kwa bei ya mtu asiyekimbizwa, aokoe ile nyingine. Bei ya mwenye kuuza kwa hiari na bei ya mnada ni kama mchana na usiku.

10. Mambo ya kukumbuka

Kwanza, kabla ya kuweka rehani ya pili, itisha kumbukumbu zako CRB. Mara moja kila mwaka wapewa bure. Ukikuta kosa, andika barua kudai lisahihishwe kabla ya kuomba mkopo, maana mtu mwingine huweza kuandikiwa deni asilolijua.

Pili, andika katika karatasi moja madeni yako yote: rehani, mkopo wa Sacco, mkopo wa simu, na deni uliloweka dhamana kwa ajili ya rafiki. Dhamana ni deni lililolala. Siku rafiki akishindwa, litaamka nyumbani kwako.

Tatu, uliza katika mapatano kama yamo yale maneno madogo ya kufunga deni moja na jingine. Usiseme "ndiyo" mpaka umejibiwa kwa Kiswahili unachokielewa.

Nne, usiombe mikopo kwa watu wengi wakati mmoja. Chagua wawili, linganisha riba na gharama zao, kisha fanya shauri.

Tano, usiweke rehani ya pili ili kulipa malipo ya ya kwanza. Hiyo ni kuchota maji kwa pakacha.

Wasomaji wetu, mali bila daftari hupotea bila habari. Mkopeshaji analo daftari la jina lako, na kila mwezi aandika ndani yake. Nawe uwe nalo lako nyumbani, lenye tarehe na kiasi cha kila malipo, na risiti zimefungwa kwa uzi. Siku mtakapokaa mezani kuzungumza juu ya hati ya pili, yafaa madaftari mawili yafunguliwe, lake na lako.